Nguo za Marehemu na Mtihani wa Mwalimu Barnaba

Nimeacha kazi. Macho yangu hayaoni tena tundu la sindano, na mtunza nguo za maigizo asiyeweza kutunga uzi anabaki kusimama kwenye njia ya wenzake. Nyinyi mliobaki na sanduku, Mercy na Akoth na wale vijana wa Homa Bay, mmeniomba niwaandikie jinsi tulivyokuwa tukifanya zamani. Nilisoma mpaka darasa la tatu, mtanivumilia. Herufi zangu ni kubwa kama za mtoto. Lakini jina la mtu sijasahau hata moja, la aliye hai wala la aliyekwenda, na kazi hii ilikuwa ya majina kabla haijawa ya nguo.

Najua pia mnalotaka kuniuliza. Kila tukikaa, mmoja wenu lazima aseme, "Dani," yaani bibi, "sema ukweli, nani aliandika ule mchezo wa Koti la Ondiek?" Nitafika hapo. Kwanza mjue mimi niliingiaje.

Mume wangu Silvano alifunikwa na shimo la dhahabu kule Macalder. Walimtoa siku ya pili. Baada ya matanga nilikuja Migori mjini, na fundi mmoja mzee, Jaduong' Zablon Ogada, akanipa kiti kwenye baraza la duka alikokuwa na cherehani yake ya kukanyaga. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kiraka cha suruali. Nilipomaliza, Zablon alikifumua chote mbele yangu bila kusema neno. Nikashona tena, akafumua tena. Mara ya tatu hakufumua. Akaniambia niende nikale.

Yeye ndiye aliyenifundisha kusoma nguo. Alikuwa akiishika shati ya mteja, anaigeuza ndani nje, anakuambia mwenyewe ni mtu wa namna gani. Nguo huchakaa pale mtu anapofanyia kazi, alisema. Mchimba dhahabu hutoboka magoti. Karani hung'aa kiwiko. Mlevi, mfuko ndio hulegea, kwa kutafutwa sana. Nyinyi mnaonunua nguo za jukwaani zikiwa mpya kisha mnazipaka tope, mjue tope halidanganyi mtu aliyewahi kulima. Tafuteni iliyochakaa mahali pake.

Mwalimu Barnaba Oyier alikuja barazani hapo mwanzoni mwa miaka ya tisini. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mrefu, mwembamba, mwana wa Oyier mchuja dhahabu wa Nyatike. Kiswahili chake kilikuwa kama chetu sisi wote, kinachechemea, nusu Dholuo. Alikuwa ameanzisha kikundi cha maigizo cha walimu na vijana waliomaliza shule, naye alitaka koti la chifu.

"Chifu gani?" Zablon akamuuliza. "Wa kula au wa kulia?"

"Wa kula, Jaduong'."

"Basi nitafutie tumbo kwanza. Koti ni baadaye."

Mwalimu alicheka mpaka akaketi. Tumbo lilipatikana, lilikuwa la kijana aliyeitwa Joab, na Zablon akaniambia nifuatane nao kwa sababu miguu yake ilikuwa imekataa safari. Hivyo ndivyo nilivyoingia. Sanduku la bati, pasi ya makaa, sindano ya gunia, chaki, majani makavu ya mwarobaini ya kufukuza wadudu. Mvi tulipaka kwa jivu lililochujwa kwenye kitambaa, na mikunjo ya uso kwa mkaa uliosagwa na mafuta. Mwigizaji mwenye kubadili nguo haraka, shati na koti lake nilivishona pamoja viwe kitu kimoja, avue mara moja. Hiyo mnaifanya mpaka leo na mnadhani ni ya kwenu.

Nguo zenyewe hatukuwa nazo. Na hiyo ndiyo miaka ambayo ugonjwa ulikuwa umeingia kila boma. Wazee waliuita chira, kwamba mtu amevunja mwiko. Vijana waliuita ayaki, yaani nyakua, kwa sababu ulinyakua. Zamani kwetu, mtu akishazikwa, nguo zake ziligawanywa. Huyu achukue kofia, yule shati, na mtu akivaa unasema tazama, shati ya fulani bado inatembea. Ayaki iliua desturi hiyo. Watu waliogopa nguo. Ungepita boma la matanga ukaona suruali nzuri imetundikwa kwenye ua, inanyeshewa, hakuna wa kuigusa.

Koti la kwanza kulichukua lilikuwa la Ondiek, aliyekuwa karani wa pamba Homa Bay akarudi kufia kwa mama yake upande wa Rangwe. Koti la kijivu, viwiko vinang'aa. Nilimkuta mama yake, Salome, ameketi mlangoni peke yake.

"Mama, lile koti uani. Naweza kuliomba?"

"Wewe huogopi?"

"Naogopa njaa."

Akalielekezea kidole. "Lichukue. Lakini ujue, siku aliyorudi alisimama hapo ulipo akaniambia, 'Mama, nimekuja na vumbi tu.'"

Nililichemsha kwenye pipa, nikalianika juani mpaka likakauka kama ubao. Joab akakataa kulivaa. Wote wakakataa. Mwalimu Barnaba akalivaa yeye, akaenda nalo darasani wiki nzima, akafundisha hesabu akiwa ndani yake, wazazi wakaja kulalamika kwa mwalimu mkuu. Kisha akalivua akampa Joab. "Limeniua?" Joab akavaa.

Nilipomwambia Mwalimu neno la vumbi, alikunja mikono kifuani, ndivyo alivyosikiliza kila mtu, akasema, "Halafu alisema nini?" Nikasema sijui. Akanirudisha Rangwe. Nikarudi kwa Salome, nikakaa naye tukipepeta mtama, na akaniambia mengine: ndugu wa Ondiek walivyogawana baiskeli yake naye bado anapumua, na jinsi alivyokuwa akiwasikia kupitia ukuta. Nilipeleka yote kwa Mwalimu kama yalivyo. Hakuwa anaandika nikiongea. Alikuwa anawasimamisha vijana, anawavalisha, anawaambia, sema alivyosema yule mama, wewe mjibu. Wakikosea anafumua. Jioni anaenda nyumbani, mkewe Rosalia anampangusia meza, anaandika. Jumamosi anampelekea rafiki yake Mwalimu Mwita Marwa kule Ntimaru, Mkuria, mtu wa Kiswahili kilichonyooka. Tuliigiza kwa Kiswahili ili Wajaluo na Wakuria wote wasikie. Mwita alinyoosha lugha, akapiga chapa kwa mashine ya shule yake.

Kutoka hapo Mwalimu akaweka sharti: Peris, usilete nguo bila jina la mwenyewe na neno moja alilopenda kusema. Nikazunguka. Gauni la maua la Mary Adongo wa Awendo, aliyesema "Mungu ana haraka na mimi." Kofia ya Gati wa Ntimaru, ambaye hakusema kitu ila kupiga mluzi. Viatu vya Philip Onyango, saizi kubwa, tuliviwekea matambara ndani. Watu walinizoea. Wengine waliniita tai, ndege wa mizoga. Wengine waliniita ndani, wakafurahi kwamba kuna mtu anauliza marehemu alikuwa akisema nini, maana wengine wote waliuliza alikufa na nini.

Siku ngumu kuliko zote za jukwaani ilikuwa katika ukumbi mmoja karibu na Asumbi. Watu wamejaa mpaka madirishani. Joab anaingia na koti, anasimama mlangoni pa nyumba ya kuigiza, anasema, "Mama, nimekuja na vumbi tu." Na kutoka benchi la mbele, Salome, ambaye hatukujua amekuja, akajibu kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu aliye jikoni kwake: "Vumbi pia ni mgeni, baba. Ingia."

Msichana aliyekuwa akiigiza mama alimgeukia Salome. Joab akalia machozi ya kweli, tumbo lote likitikisika. Hakuna aliyepiga makofi. Mwalimu aliliacha neno hilo ndani ya mchezo, na ndilo mnalolijua, ndilo watu hulitamka hadi leo kwenye matanga bila kujua limetoka wapi.

Basi Barnaba akawa na jina. Migori, Homa Bay, hadi Kuria, watu walitembea kwa miguu kuja kuona. Baada ya Koti ukaja mchezo wa Wajane wa Machimbo, huo una Silvano wangu ndani, lakini hayo ni yangu. Na jina lilipokua, maneno yakaanza. Niliyasikia barazani kwa Zablon, ambako mafundi walishona zaidi kwa mdomo kuliko kwa mguu.

"Barnaba ndiye ameandika vitu kama hivyo? Mwana wa Oyier? Baba yake alikuwa anaweka sahihi kwa dole gumba!"

"Ni Padre mzungu wa misheni. Anampa usiku."

"Padre yule? Kiswahili chake ni cha misa tu. Akitoka kanisani hawezi kununua ndizi."

"Basi kuna wakili Kisumu."

"Wakili aandike bila malipo? Wewe umeshawahi kuona wakili?"

"Ni yule Mkuria. Karatasi zinatoka Ntimaru, watu wameona. Barnaba nimemsikia mimi akisema 'kiti hii.' Mtu wa 'kiti hii' ataandika Koti la Ondiek?"

Wakanigeukia. "Wewe Peris unakaa nao. Ni nani?"

"Ni Barnaba," nikasema.

"Wewe unajua kusoma?"

Wakacheka. Zablon hakuinua kichwa kutoka kwenye cherehani. "Kama mchezo ungekuwa mbaya," akasema, "mngekubali ni yake."

Alikufa mwaka huo Zablon, kwa uzee, ambao wakati ule ulikuwa kifo cha tajiri. Koti lake sikulileta kwenye sanduku. Tulimzika nalo.

Mwalimu alianza kukonda muda si mrefu baadaye. Kwanza tulisema ni kazi. Kisha ikawa kikohozi. Mimi nilijua kwa suruali: nilimpunguzia kiuno, nikampunguzia tena, na mara ya tatu alipokuja nilishindwa kumtazama. Akaniambia, "Usiwe na haraka ya kukata hicho kitambaa kilichobaki, Peris. Kunja tu." Sote wawili tulijua hatakuwa mnene tena, lakini nilikunja.

Ndipo kamati ya maigizo ikaleta habari kwamba Koti la Ondiek limechaguliwa kwenda mbele, likaonyeshwe kwa nchi nzima. Lakini mwenyekiti wao, Bwana Ombura, mkaguzi wa shule, mtu wa kuvaa tai hata Jumapili, alisema kuna malalamiko. Walimu wa Kuria wanasema mchezo ni wa Mwita. Watu wa misheni wanasema ni wa Padre. Hawezi kupeleka mbele kitu kisicho na baba. Kwa hiyo Barnaba na Mwita waje Homa Bay, wakae darasani, kila mmoja aandike onyesho moja mbele ya kamati. Atakayeonekana, ndiye.

Nilikuwa nyumbani kwao Rosalia alipomsihi.

"Usiende. Huwezi hata kufika chooni bila mimi, utafika Homa Bay?"

"Nitafika."

"Hao watu huna kitu unawadai, na wao hawakudai kitu. Waache."

Mwalimu alikuwa amejifunika sweta mbili, nje kuna jua la kukausha samaki wa omena. Akasema polepole, kwa Dholuo, mimi naandika kwa Kiswahili: "Rosa, nikifa kesho watasema nini juu yangu? Watasema, yule ni mmoja wa waliokwenda na ayaki. Basi. Hao ni wengi, hata hawahesabiwi. Nataka waseme pia, aliandika. Nikinyamaza ningali hai, nani atanisemea?"

Rosalia alienda kumpigia pasi shati.

Tulienda sisi watatu, Mwalimu, Rosalia na mimi, kwa lori la shule. Mwalimu aliniomba nibebe nguo. Nilichagua chache: gauni la Mary Adongo, kofia ya Gati, koti lenyewe. Nilifikiri kama alivyofikiri yeye, kwamba wakitaka kuona anavyoandika, waone. Awavalishe watu wawili, awasikilize, afumue, kisha akae aandike. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kazi yake. Hakujua nyingine.

Bwana Ombura alitukuta kwenye mlango wa darasa.

"Mama, hiyo mzigo ni ya nini?"

"Ni nguo, Bwana Mkaguzi. Za Mwalimu za kuandikia."

Akawatazama wenzake wawili, wakatabasamu. "Za kuandikia? Sisi tunaandika na kalamu."

Mwalimu akasema, "Naomba aingie, na wanafunzi wawili wa hapa. Nahitaji watu wa kusema."

"Mwalimu Oyier, huu ni mtihani. Mtihani hauingii na watu. Unawafundisha watoto hivyo?"

Nikaachwa nje na nguo zangu pamoja na Rosalia. Mada waliyoandikiwa ubaoni ilikuwa "Faida za Ushirika." Niliiona dirishani. Mwita alikaa upande mmoja, akainamisha kichwa akaandika mfululizo. Baadaye aliniambia aliogopa akiacha karatasi tupu wataona anaidharau serikali. Sikumlaumu sana, ilikuwa miaka ya kuogopa.

Mwalimu alikaa kwenye dawati la mtoto, magoti yamegusa kidevu. Aliitazama karatasi. Aliutazama ukuta. Kisha akakunja mikono kifuani, akasubiri, kama anamsubiri mtu amalize kusimulia. Hakuna aliyekuwa akisimulia. Akakohoa, akashika kalamu, akaandika kidogo, akapumzika. Rosalia alikuwa amegeuka, anatazama uwanja. Aliniuliza tu, "Anaandika?" Nikasema anaandika.

Walipomaliza, Bwana Ombura alitoka na karatasi barazani akazisoma hapohapo, mbele ya walimu waliokuja kusikiliza. Ya Mwita kwanza. Ilikuwa safi, haina kosa. Watu wake wote waliongea kama D.O., mkuu wa tarafa, siku ya sherehe: "Ndugu zangu wananchi, ushirika ni nguzo." Walimu wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Kisha ya Barnaba. Ilikuwa mistari michache. Mwanamke mmoja anamwambia mwenzake apeleke maziwa kwenye ushirika, yule mwingine anasema ng'ombe amekufa. Mwanamke wa kwanza anasema basi nitakupa kikombe cha yangu upeleke, wasikufute. Ikaishia hapo. Na kulikuwa na makosa, nadhani "ng'ombe hiyo," kitu kama hicho.

"Hii ni Kiswahili ya darasa la sita," Bwana Ombura akasema. Walimu wakacheka. Si wote. Wengi.

Mimi nilisimama pale na gauni la Mary Adongo mkononi, na niliona kwamba ile ya kikombe ndiyo iliyokuwa na watu ndani. Lakini hawakuniuliza. Hata wangeniuliza, ningesema nini? Nani mwenye macho anahitaji kuambiwa?

Mwita alisimama. "Bwana Mwenyekiti, mchezo si wangu. Mimi ninanyoosha lugha tu. Hadithi ni ya Mwalimu Barnaba, yote."

"Mwalimu Mwita, unyenyekevu wako tumeuona."

"Si unyenyekevu. Ni kweli."

"Na rafiki mzuri pia," Bwana Ombura akasema, akawageukia wengine. "Mnaona? Mwandishi wa kweli hajitangazi." Wakampigia Mwita makofi. Kadiri alivyokataa ndivyo walivyozidi kumsadiki. Niliona uso wake unavyobadilika, kama mtu aliyekanyaga tope akidhani ni pakavu.

Mwalimu Barnaba aliomba maji. Alipokunywa aliniambia, "Peris, kunja nguo vizuri, koti lisishike mikunjo." Hayo tu, mpaka tukafika nyumbani.

Mchezo ulienda mbele, na kwenye karatasi ya kutangaza iliandikwa jina la Mwita. Nami nilienda nao, kwa sababu nguo haziwezi kwenda zenyewe, na Mwalimu mwenyewe aliniambia niende. Walishangiliwa. Niliporudi kumsimulia alikuwa kitandani, macho makubwa. Nikamwambia Joab alivyoingia, na watu walivyotulia. Akakunja mikono, kwa shida, juu ya blanketi.

"Na waliposikia vumbi pia ni mgeni?"

"Hakuna aliyepumua."

"Vizuri," akasema. "Salome atafurahi."

Alifariki kabla ya mvua. Tulimzika kwao, si mbali na Macalder, udongo mwekundu na mashimo kila upande. Kwetu, kwenye matanga, huwepo mke wa ndugu anayevaa nguo za marehemu na kumwigiza, ili watu wacheke kidogo katikati ya kilio. Tulidhani hakuna atakayethubutu, kwa ajili ya ugonjwa. Lakini shemeji yake Dorka alitoka nyumbani amevaa sweta zake zote mbili na suruali niliyoikunja kiuno, akatembea kwa hatua zile ndefu, akasimama mbele ya mkwe mmoja mzee, akakunja mikono: "Halafu alisema nini?" Watu walicheka huku wakilia. Mzee yule akajibu, "Alisema unipe chai!" Dorka akasema, "Chai si mchezo, baba, chai ina sukari. Niambie ya kuumiza!" Hata Rosalia alicheka. Ilikuwa mara yangu ya mwisho kumwona Mwalimu akitembea.

Kisha zikaja hotuba. Bwana Ombura alisema marehemu alikuwa mwalimu mwenye bidii na mpenda sanaa. Mwita alitoka Ntimaru kwa miguu sehemu kubwa ya njia. Alisimama kaburini akasema kwa sauti kubwa, "Michezo yote ni yake. Nasema mbele ya Mungu na mbele ya huyu aliyelala. Mimi si mwandishi." Akaketi. Na mama mmoja kando yangu, msomi, akamnong'oneza mwenzake, "Umeona heshima ya huyo Mkuria? Anampa marehemu zawadi ya mwisho." Wakaguswa sana. Wakapangusa macho.

Basi nyinyi vijana mnauliza nani aliandika. Neno la vumbi ni la Ondiek. Jibu lake ni la Salome. Lugha aliinyoosha Mwita. Nguo nilileta mimi. Na aliyekaa na sisi wote kichwani mpaka tukawa watu wa nyumba moja ni Barnaba Oyier, na nimesema hivyo kwa kila aliyeniuliza tangu wakati ule, na kila mmoja ameniitikia kwa adabu kama mnavyoitikia nyinyi.

Baada ya mwaka familia ilipata simiti ya kufunika kaburi. Nilikuwepo. Fundi, Ouma, alishasawazisha, simiti ingali mbichi, ameshika msumari anangoja aambiwe cha kuandika chini ya jina. Nikanor, kaka mkubwa wa marehemu, alisema, "Andika: Mwandishi." Binamu yao akamkatiza.

"Tusije tukachekwa. Kamati ilishaamua."

"Kamati imemzaa?"

"Haikumzaa, lakini watu wakipita wasome, waseme hata kaburini wanadanganya? Watoto wake wako shuleni. Watachekwa."

"Basi tuache tupu."

"Kaburi tupu kama la mgeni?"

Walibishana, sauti zikapanda. Ouma akasema, "Wazee, simiti hainingoji." Rosalia alikuwa amesimama kando na ndoo ya maji ya kumwagilia. Akaiweka chini.

"Andika Mwalimu," akamwambia Ouma. "Hiyo hawajamtahini."

Ouma akainama, akaandika.